Malale Kibondo na Kasulu: kimelea cha ubongo kinachoonekana katika tone la damu

Ugonjwa wa malale, ambao wataalamu huuita tripanosomiasisi ya binadamu, ni miongoni mwa maradhi machache ya ubongo yanayoweza kuthibitishwa kwa vifaa vya maabara ya kawaida ya kituo cha afya, yaani hadubini, vipande vya kioo, rangi ya kupakia damu na, pale inapopatikana, mashine ndogo ya kuzungushia mirija iitwayo sentrifuji. Hali ni tofauti kwa ugonjwa unaoletwa na tegu wa nguruwe, ambao viluwiluwi vyake hujenga vifuko ndani ya ubongo na kumletea mgonjwa kifafa, kwa kuwa vifuko hivyo huonekana vizuri kwa picha za CT, ambazo mkulima wa kijijini hazipati bila kusafiri hadi hospitali kubwa. Kwa wakazi wa Kibondo na Kasulu, wilaya mbili za nyanda za juu za Kigoma ambazo kwa miongo mingi zimetajwa pamoja na Urambo kuwa kitovu cha malale nchini Tanzania, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mgonjwa atatambuliwa karibu na nyumbani kwake au atazungushwa kutoka kituo hiki hadi kile mpaka akili yake ianze kuvurugika.

Sura ya nchi yenyewe ndiyo inayoeleza kwa nini ugonjwa huu umekaa hapo. Vilima vya Buha, nchi ya Waha, vyenye nyasi na migomba, vinakoishi watu wengi, havimfai sana mbung'o, lakini ardhi inaposhuka kuelekea mashariki na kusini huanza miombo mirefu inayoungana na Pori la Akiba la Moyowosi na ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, eneo ambalo mwaka 2000 liliingizwa katika Mkataba wa Ramsar likiwa la kwanza nchini. Ndani ya miombo hiyo ndimo watu hutundika mizinga ya nyuki, hukata miti, huwinda, huvua katika mito na kuchunga ng'ombe, na ndimo mbung'o, ambaye sehemu nyingi za magharibi ya Tanzania huitwa ndorobo, huwafyonza damu mchana kweupe. Pongo, ngiri na ng'ombe hukaa na kimelea hicho katika damu bila kuonekana wagonjwa sana, na kwa sababu hiyo ugonjwa huweza kuendelea kuwapo porini hata pasipokuwa na mgonjwa hata mmoja kijijini.

Kimelea chenyewe ni tripanosoma, kiumbe cha chembe moja chenye mkia mwembamba unaokipa mwendo. Aina inayopatikana Tanzania ni ile ya rhodesiense, iliyotambuliwa mwaka 1910 na Stephens na Fantham kutokana na mgonjwa aliyeambukizwa katika bonde la Luangwa, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na ni aina kali kuliko ile ya gambiense inayoenea Kongo na Afrika Magharibi. Aina ya gambiense huweza kumkaa mtu miaka kadhaa kabla ya kumlaza, ilhali ya rhodesiense huanza na homa kali, maumivu ya kichwa na viungo, na mara nyingine uvimbe mwekundu mahali alipoumwa na mbung'o, kisha katika muda wa wiki au miezi michache hupenya kutoka kwenye damu hadi kwenye ubongo na uti wa mgongo. Hapo ndipo mgonjwa huanza kusinzia mchana na kukesha usiku, kutetemeka, kuchanganyikiwa na kubadilika tabia, na asipotibiwa hufa, mara nyingi kabla ya miezi sita kupita. Ndugu wanaomwona akipayuka au akiwa mkali bila sababu huwaza wazimu au kurogwa, na wiki zinazopotea kwa mganga ni zile zile ambazo kimelea huzitumia kuenea ndani ya ubongo.

Serikali ya kikoloni ya Tanganyika, baada ya ugonjwa wa aina hii kuripotiwa Maswa mwaka 1922, iliukabili kwa kuwahamisha watu badala ya kuwapima mmoja mmoja. Katika Buha kazi hiyo ilianza mwaka 1933, familia zilizokuwa zimetawanyika katika miombo zilipoamriwa kuacha mashamba na makaburi ya wazee wao na kukusanywa katika makazi makubwa yaliyofyekwa miti, ili mbung'o akose kivuli na mganga wa serikali apate watu wote mahali pamoja. Wanahistoria wamekuwa wakijadili faida na madhara ya uhamisho huo, na ni haki kuukumbuka kwa ubaya wake, lakini mpango huo ulikuwa na wazo moja la kitabibu lililokuwa sahihi, nalo ni kwamba malale hushindwa pale tu ambapo damu ya watu wenye homa inaangaliwa mara kwa mara na mtu anayejua anachokitafuta.

Namna ya kuangalia damu hiyo ni rahisi kuieleza. Mtaalamu wa maabara humchoma mgonjwa kidole, huweka tone la damu kwenye kipande cha kioo, hulifunika kwa kioo chepesi na kulitazama mara moja chini ya hadubini kabla halijakauka. Katika damu hiyo mbichi tripanosoma bado ni hai, na mara nyingi jicho halikioni kwanza kimelea chenyewe, bali huona chembe nyekundu za damu zikisukumwa huku na huku mahali pamoja, kama nyasi za kando ya mto zinazotikiswa na samaki asiyeonekana, ndipo baada ya kutulia likatambua mwili mwembamba unaojinyonganyonga katikati yake. Njia ya pili ni tone nene, ambalo huachwa likauke na kupakwa rangi ya Giemsa, na hapo kimelea kilichokufa huonekana kikiwa na rangi ya zambarau, kiini chake katikati na nukta ndogo nyeusi karibu na ncha moja ya mwili. Tone nene hilo ndilo lile lile linalotumiwa kutafutia malaria, na mambo mengi katika historia ya malale ya Kigoma yametokana na ukweli huo mdogo.

Aina ya rhodesiense ina tabia moja inayoisaidia maabara maskini, nayo ni wingi wa vimelea katika damu. Kwa makadirio yanayokubalika, damu mbichi chini ya kioo huonyesha tripanosoma pale zinapofikia kama 10,000 katika mililita moja, na tone nene huzionyesha zikiwa kama 5,000, viwango ambavyo mgonjwa wa rhodesiense huvifikia mara kwa mara ilhali mgonjwa wa gambiense huwa chini yake kwa muda mrefu. Hata hivyo vimelea hupanda na kushuka, kwa sababu tripanosoma hubadilisha ganda lake la protini kila mara mwili unapojifunza kulitambua, na mgonjwa aliyepimwa siku ambayo vimelea vingi vimeuawa na kinga huweza kuonekana mzima. Kwa hiyo kioo kimoja kisichoonyesha kitu hakitoshi kumwondoa mgonjwa katika shaka, na damu hupaswa kurudiwa siku zinazofuata.

Pale palipo na sentrifuji, uwezo wa kuona huongezeka mara kumi. Damu hujazwa katika mirija myembamba ya kioo yenye dawa ya kuizuia isigande, ncha moja huzibwa, na mirija huzungushwa kwa kasi kwa dakika chache mpaka chembe nyekundu zitue chini, majimaji ya manjano yabaki juu, na katikati yao upatikane utando mwembamba mweupe wa chembe nyeupe. Tripanosoma, ambazo uzito wake unakaribia ule wa chembe nyeupe, hukusanyika karibu na utando huo, na mtaalamu akilaza mrija chini ya lenzi ndogo ya hadubini huziona zikichezacheza kwenye mpaka wa majimaji. Njia hiyo, inayoitwa kwa jina la mtafiti Woo aliyeieleza mwishoni mwa miaka ya 1960, huweza kuonyesha vimelea vikiwa kama 500 tu katika mililita, na mashine inayohitajika ni ile ile inayotumika kupimia upungufu wa damu kwa wajawazito.

Kimelea kikishathibitishwa katika damu, swali linalofuata ni kama kimekwishafika kwenye ubongo, na jibu lake hupatikana katika maji ya uti wa mgongo. Ujuzi huu una asili yake hapa hapa Afrika Mashariki, kwani ni Entebbe, Novemba 1902, ambako daktari Mwitaliano Aldo Castellani, akiwa katika tume iliyotumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Uingereza kuchunguza balaa lililokuwa likiwamaliza watu wa Busoga na visiwa vya Ziwa Viktoria, alizungusha maji ya mgongo ya mgonjwa katika sentrifuji ya mkono na kuona tripanosoma katika mashapo yake. Wakati huo yeye alikuwa akitafuta bakteria, na ni David Bruce, aliyefika Entebbe mwaka 1903 akiwa tayari anaijua nagana ya ng'ombe wa Zululand, aliyeupa ugunduzi huo uzito uliostahili. Balaa hilo, kwa makadirio ya wanahistoria, liliua watu zaidi ya 200,000, na kifaa kilichofichua chanzo chake hakikuzidi kile ambacho hospitali ya wilaya inacho leo.

Kuchukua maji hayo humtaka mgonjwa akae au alale amejikunja ili pingili za chini za mgongo zifunguke, daktari asafishe ngozi, apitishe sindano ndefu na nyembamba katikati ya pingili na kukinga matone yanayodondoka yenyewe. Watu wengi huogopa kitendo hicho kwa imani kwamba sindano ya mgongo hupoozesha au huua, na hofu hiyo haikutoka hewani, maana sindano hiyo mara nyingi huchomwa mtu aliyekwisha kuzidiwa, naye akifa lawama hubaki kwa sindano. Ukweli ni kwamba sindano hupita chini ya mahali unapoishia uti wenyewe, na kiasi kinachochukuliwa hurudishwa na mwili kwa muda mfupi. Maji ya mtu mzima wa afya huwa meupe na maangavu mfano wa maji ya kunywa, na chini ya hadubini huwa karibu hayana chembe. Yakikutwa na tripanosoma, au yakiwa na chembe nyeupe zaidi ya 5 katika mikrolita moja kwa hesabu inayofanywa kwenye kioo maalumu chenye miraba, mgonjwa huhesabiwa kuwa katika hatua ya pili ya ugonjwa. Kipimo cha zamani cha Pandy, ambacho ni kudondosha maji hayo katika mmumunyo wa fenoli na kutazama kama yatafanya wingu jeupe, huonyesha kwamba protini imezidi, na maabara isiyo na mashine yoyote bado huweza kukifanya. Sharti kubwa la kazi hii ni haraka, kwa sababu tripanosoma zilizotolewa katika mwili huanza kupasuka ndani ya dakika chache, na maji yaliyoachwa juu ya meza wakati mtaalamu amekwenda kunywa chai huweza kutoa jibu la uongo.

Umuhimu wa kujua hatua ulitokana na dawa. Suramini, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1916, humaliza vimelea katika damu lakini haipenyi vya kutosha kwenye ubongo, na kwa hatua ya pili ilibaki melarsoproli, dawa yenye arseniki iliyoanza kutumika mwaka 1949, ambayo huyeyusha plastiki na hivyo kuhitaji bomba la sindano la kioo, huunguza mshipa inapopita, na katika wagonjwa takriban 5 hadi 10 kwa kila 100 huleta madhara makali ya ubongo ambayo huua karibu nusu ya wanaoyapata. Hakuna daktari ambaye angempa mtu dawa ya namna hiyo kwa kubahatisha. Tanzania ilichangia kupunguza mateso yake, kwani mwishoni mwa miaka ya 2000 Kituo cha Afya cha Kaliua, mkoani Tabora, pamoja na Hospitali ya Lwala nchini Uganda vilishiriki katika jaribio lililoonyesha kwamba sindano za siku 10 mfululizo zingeweza kuchukua nafasi ya ratiba ya zamani iliyokuwa ikivutwa kwa wiki kadhaa.

Tangu wakati huo mambo yamebadilika zaidi. Vidonge vya feksinidazoli, vinavyomezwa kwa siku 10 pamoja na chakula, vilijaribiwa kwa wagonjwa wa rhodesiense nchini Malawi na Uganda, vikapata maoni ya kukubaliwa kutoka Wakala wa Dawa wa Ulaya Desemba 2023, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likavifanya dawa ya kwanza kwa hatua zote mbili kwa mgonjwa aliyetimiza miaka 6 na uzito wa kilo 20. Sindano ya mgongo kwa hiyo haibebi tena mzigo ule wa zamani, ingawa kwa watoto wadogo, ambao bado hutegemea suramini na melarsoproli, hesabu ya chembe katika maji ya mgongo inaendelea kuamua dawa. Matokeo ya mabadiliko haya ni kwamba tiba imekuwa nyepesi kuliko wakati wowote, na sehemu ngumu iliyobaki ni ile ya mwanzo kabisa, yaani mtu mmoja katika zahanati kumshuku mgonjwa na kuiangalia damu yake.

Hapo ndipo penye kasoro ambayo haizungumzwi vya kutosha. Kigoma ni mkoa wa malaria, na katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 ndio ulioongoza nchini, takriban asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano wakikutwa na vimelea vyake. Zamani kila mwenye homa aliyefika mahali penye hadubini aliangaliwa damu kwa kioo, na mtaalamu aliyekuwa akitafuta malaria alijikuta mara nyingine akiona tripanosoma, kiasi kwamba malale yaligunduliwa bila hata daktari kuyafikiria. Kipimo cha haraka cha malaria, kile kijiti ambacho wahudumu hukiita MRDT, kilipoenea katika zahanati za Tanzania kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010, kiliokoa maisha ya watoto wengi na kupunguza ugawaji wa dawa mseto za malaria kwa kila homa, na hakuna mwenye akili atakayetaka kiondolewe. Lakini kijiti hicho hutambua protini ya malaria peke yake, na tripanosoma hata zikijaa katika tone lile lile la damu haziachi alama yoyote juu yake.

Kosa linaweza kutokea kwa njia mbili. Kijiti kikionyesha hakuna malaria, mgonjwa hupewa antibiotiki na kurudishwa nyumbani. Kikionyesha ipo, mambo huweza kuwa mabaya zaidi, kwa sababu katika nchi yenye malaria nyingi mtu huweza kuwa na magonjwa yote mawili, na protini inayotambuliwa na vijiti vingi hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya malaria yenyewe kupona, hivyo mgonjwa wa malale aliyerudi mara ya pili na ya tatu akiwa na homa ile ile huendelea kuandikiwa malaria sugu. Akifika hatua ya kuchanganyikiwa huitwa mgonjwa wa malaria ya ubongo, nayo pia ni ugonjwa wa vimelea unaothibitishwa kwa tone la damu, lakini hiyo humwangusha mtu kwa siku chache, ilhali malale humla kwa wiki na miezi. Historia ya homa ndefu ingetosha kuyatenganisha magonjwa hayo mawili, kama ingeulizwa.

Kwa malale ya gambiense kuna vipimo vya kadi na vijiti vinavyotafuta kingamwili, cha kwanza kikiwa kimeanza mwaka 1978, lakini havifai kwa rhodesiense, na utambuzi wa kawaida wa aina hii bado ni wa kukiona kimelea chenyewe. Mtafiti Mkenya Zablon Njiru na wenzake walieleza mwaka 2008 njia ya kuzidisha jeni la SRA, lile linaloiwezesha rhodesiense kuishi katika damu ya binadamu, kwa joto moja lisilobadilika na bila mashine kubwa. Ni kazi ya kujivunia, lakini inafaa zaidi kwa vituo vya utafiti, kama kile cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kilichopo Tabora, kuliko zahanati ya pembezoni mwa Moyowosi.

Wapo watakaosema kwamba wagonjwa wamepungua mno kiasi cha kutostahili gharama. Ni kweli kwamba Tanzania, ambayo karibu na mwaka 2000 iliripoti wagonjwa kwa mamia, tangu 2010 imeripoti idadi ya kuhesabika kwa vidole, na kwamba Rwanda mwaka 2022 na Kenya mwaka 2025 zilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa zimeyatokomeza malale kama tatizo la afya ya jamii. Lakini hesabu ndogo inayotoka mahali ambapo watu hawaangaliwi haina maana sawa na hesabu ndogo inayotoka mahali wanapoangaliwa, na mtaalamu kijana aliyemaliza chuo bila kuona tripanosoma hai hata moja huweza kuipita akidhani ni uchafu wa rangi. Soroti, nchini Uganda, ilikuwa haina historia ya malale mpaka mwaka 1998, ng'ombe walionunuliwa katika maeneo yenye ugonjwa walipoingizwa sokoni na kimelea kikaja nao. Kibondo na Kasulu zinapokea mifugo inayohama kutafuta malisho, na makambi ya wakimbizi ya Nduta na Nyarugusu yamekuwa na maelfu ya watu ambao mara kwa mara wametoka kutafuta kuni.

Kinachotakiwa hakizidi uwezo wa halmashauri mbili: hadubini zinazofanya kazi katika vituo vya afya vinavyopakana na miombo, rangi ya Giemsa isiyokatika, mafunzo ya marudio kwa wataalamu wa maabara wakitumia vioo halisi vyenye vimelea, na agizo moja kwa waganga kwamba mtu mwenye homa isiyosikia dawa ya malaria aangaliwe damu kwa kioo hata kama kijiti kimekwisha kutoa jibu. Mrina asali, mvuvi, mchungaji na mkata mbao aliyetoka porini siku za karibuni na kushikwa na homa asisubiri kuulizwa, bali amweleze mhudumu alikokuwa na aombe damu yake iangaliwe chini ya hadubini.